Mguu wa Zamakhanya

Jumatatu, 5 Mei

Farasi kumi na wawili leo, chupa za mkojo kumi na moja. Wa kumi na mbili alinitazama tu. Saa nzima nimesimama zizini na kikombe kwenye ncha ya fimbo, nikimpigia mbinja kama mwendawazimu. Miaka yote ile ya chuo cha udaktari wa mifugo Nairobi, ili nije Johannesburg kubembeleza farasi wakojoe.

Mzee Shomari ameniokoa. Yeye ni saisi katika zizi la Bwana Hennie, mkufunzi. Analisha farasi wanne, anawaosha, anawafunga bendeji, analala nyumba ya tatu kutoka kwao, siku ya mapumziko ndiyo anakwenda kwa mkewe mjini. Kasema, "Toka hapo mlangoni, Daktari. Anakuonea haya." Akatandaza majani makavu mapya, akapiga mbinja yake ya chini chini. Dakika mbili. Nimeziba chupa, nimetia lakiri, nimeandika namba.

Mtu wa Tanga. Miaka kumi na tisa yuko hapa. Siku za Jumatatu nikija viwanja vya mazoezi kuchukua sampuli za bodi ya mbio, namwamkia shikamoo. Kwetu Wundanyi shikamoo ilikuwa ya shuleni. Kwake inanitoka yenyewe. Labda kwa sababu sina mwingine hapa wa kumwamkia.

Kipenzi chake ni Zamakhanya, jike wa miaka minne, hudhurungi, baka jeupe kwenye paji la uso. Anamwita Bibi. Jumamosi anakimbia.

Nyasi zimeanza kuganda alfajiri. Ardhi ngumu.

Alhamisi, 8 Mei

Ofisini Marshalltown kutwa. Orodha ya Jumamosi imetoka, mbio tisa.

Watu hudhani kazi hii ni farasi na kelele. Ni karatasi. Mkufunzi anaandikisha farasi wake. Mpanga uzito anampa kila mmoja mzigo wa kubeba, mwenye kasi abebe zaidi, ili wote wawe na nafasi. Waamuzi wanakaa juu na darubini. Sisi madaktari tuko chini na mikono yetu. Tukisema huyu hafai, hakimbii, hata kama mwenye farasi amepanda ndege kutoka Cape Town kuja kumtazama.

Aprili nilisema huyu hafai. Alikuwa farasi aliyetegemewa kushinda. Eksirei zikatoka safi. Siku tatu simu zinalia. Mkuu wangu hakunigombeza. Kaniambia tu, "Mara nyingine uwe na hakika, Wakesho." Bado naisikia sauti yake, jinsi alivyokuwa mpole.

Mwanangu Mwakio ana mtihani wa hesabu kesho. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Miaka kumi na tatu, na Kitaita hajui hata cha kuombea maji. Baba yake kazini Durban hadi mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 10 Mei

Zamakhanya amekufa. Nimemchoma sindano kwa mkono wangu. Themba, aliyekuwa mgongoni mwake, yuko hospitali.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda kanisani. Mwakio kaenda na majirani. Naandika yote kama yalivyokuwa, kabla sijaanza kuyapamba.

Asubuhi farasi walishushwa kwenye malori. Kazi yangu pale mlangoni: kusoma kidude kilicho chini ya ngozi ya shingo, kulinganisha na pasipoti ya farasi, kupapasa miguu, kumtazama akikimbizwa polepole kwenye lami. Tulipaswa kuwa madaktari watatu. Mmoja ana mafua. Farasi zaidi ya tisini.

Shomari alimleta Zamakhanya mwenyewe. Bwana Hennie alikuwa bado anaegesha gari. Shomari akasema upesi, kwa Kiswahili, akitazama pembeni:

"Daktari, mguu wa mbele wa kushoto. Tangu juzi una joto chini ya goti."

"Umemwambia bosi?"

"Nimemwambia. Kasema mimi nimezeeka, mikono imekufa ganzi. Mwanangu, mikono yangu haijafa ganzi. Mpime vizuri."

Nikapapasa. Palikuwa na joto, dogo. Bendeji ilikuwa imetoka muda huo huo, nikajiambia ni joto la bendeji. Nikaagiza akimbizwe. Shomari akakimbia naye, mzee wa miaka hamsini na nane, hatua kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi. Wakati wa kurudi, kichwa cha Zamakhanya kikainuka kidogo mguu wa kushoto ulipogusa lami. Mara moja tu. Farasi anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa ili aupunguzie uzito. Hilo tunafundishwa mwaka wa pili.

Niliona. Naandika tena: niliona.

Trekta lilikuwa linapita. Nikajiambia ameshtushwa na trekta. Ningeweza kusema arudie. Nyuma yake palikuwa na foleni ya farasi sita, na Bwana Hennie alikuwa keshafika, mikono mfukoni.

"Yuko sawa, Daktari?"

Nikakumbuka zile simu za Aprili. Nikasema yuko sawa. Nikagonga muhuri.

Shomari akamfunika Zamakhanya blanketi. Wakaenda.

Mbio ya sita, mita elfu moja na mia sita. Mimi hufuata kwa gari kwenye njia ya ndani. Walipokata kona kuingia sehemu iliyonyooka sikusikia chochote, injini na upepo tu. Niliona shati la njano la Themba, halafu sikuliona. Farasi wawili nyuma wakaruka juu yake. Nilipofika, Themba amelala kifudifudi, anasogeza vidole. Wa gari la wagonjwa wakamchukua. Zamakhanya alikuwa amesimama. Amesimama kwa miguu mitatu, wa nne unaning'inia, na anajaribu kuwafuata wenzake.

Wakaweka yale mapazia ya kijani ili watu wasione. Shomari alifika anakimbia kutoka mwisho wa uwanja, kamba mkononi. Akamshika kichwa. Akamziba jicho kwa kiganja nilipoleta sindano. Hakunitazama.

Mbio ya saba ilichelewa dakika kumi na nne.

Jumanne, 13 Mei

Hospitali. Nyonga imevunjika mahali pawili, mbavu tatu, pafu limetobolewa. Themba ana miaka thelathini na mmoja na ana uzito wa mtoto wa shule. Kitandani alionekana kama nguo iliyosahauliwa. Mkewe alikuwa anamlisha uji wa mahindi.

Kaniuliza swali moja. "Alikuwa mzima, Doki, sivyo?"

Nikasema, "Alikuwa mzima."

Akafumba macho. "Basi ni bahati mbaya." Kama mtu aliyepunguziwa maumivu.

Nimekaa kwenye gari maegeshoni hadi mlinzi akaja kugonga kioo.

Jumatano, 14 Mei

Barua ya waamuzi. Kikao cha uchunguzi Ijumaa, saa nne. Tumeitwa mimi, Bwana Hennie, na saisi wa farasi.

Shomari kapiga simu adhuhuri. "Daktari, na mimi nimeitwa. Sijawahi kuitwa. Nitasema nilichokiona."

Nikafunga mlango. Kisha nikasema mambo haya. Kwamba Bwana Hennie atakuwa chumbani. Kwamba kibali chake cha kuishi nchini kinategemea barua ya kazi ya Bwana Hennie. Kwamba mimi namfikiria yeye na Bi Mwanaidi mkewe. Kwamba farasi harudi.

"Kwa hiyo nisiseme?"

"Nakuonea huruma tu, Mzee."

"Wewe ndiye unayejua mambo ya ofisi," kasema. "Haya."

Huruma. Nimelitumia neno hilo. Nilipokata simu nikahisi nafuu, na nafuu hiyo ikaniambia nimefanya nini.

Ijumaa, 16 Mei

Chumba cha mikutano, zulia zito, chupa za maji. Mwenyekiti wa waamuzi ni mwanasheria mstaafu, mtu wa sauti ndogo. Walionyesha mbio kwenye skrini mara nne. Mara ya nne nikatazama zulia.

Nikaulizwa nilimkuta katika hali gani. Nikasema ya kawaida. Joto? La bendeji. Mwendo? Wa kawaida.

"Kuna mtu yeyote aliyekueleza wasiwasi wowote kuhusu farasi huyu?"

"Hapana."

Nilidhani uongo kama huo ungetoka kwa shida. Ulitoka kama jina langu.

Shomari akaingizwa. Amevaa koti la suti, la kijivu, limebana mabega, na kofia ameishika mkononi. Kiingereza chake ni cha zizini. Mkalimani hakuwepo. Mwenyekiti akauliza polepole: kabla ya mbio, uliona chochote kwenye mguu? Shomari akanitazama. Mara ya kwanza tangu Jumamosi. Si kwa hasira. Alinitazama kama anavyomtazama farasi, akitaka kujua anaelekea wapi.

"Sikuona kitu," kasema.

Dakika nne tu alikaa kwenye kiti kile.

Wakasema uamuzi utasubiri ripoti ya maabara kuhusu mguu, ila kwa sasa inaonekana ajali. Mlangoni Bwana Hennie kanipa mkono. Nikaupokea.

Jumamosi, 17 Mei

Mbio tisa. Wote wamerudi wazima. Nimewakimbiza wengine mara tatu kwenye lami, wakufunzi wamenung'unika. Sasa ninajua kurudia.

Jumatano, 21 Mei

Ripoti ya maabara ilifika jana. Mfupa ulikuwa na ufa wa zamani, wiki tatu au nne, uliokuwa unajaribu kujiunga. Kila siku ya mazoezi ulifunguka kidogo. Lazima ulikuwa na joto. Lazima mtu aliyeushika kila siku alilihisi.

Leo, badala ya Jumatatu, nimekwenda zizini kuchukua sampuli. Shomari hayupo. Kitanda chake kimetandikiwa mtu mwingine. Nikamuuliza Bwana Hennie. Hakupepesa.

"Nimemwachisha kazi. Alijua mguu una joto akaficha. Wamiliki wa farasi wanataka maelezo, na mwenyewe amesema mbele ya waamuzi hakuona kitu. Miaka yote hii, na anashindwa kuona ufa wa mwezi mzima? Ama mwongo ama mzembe. Bodi inamfutia kadi ya usaisi."

Kisha akasema kwamba ameumia sana moyoni. Huenda ni kweli. Watu huamini wanachokisema wakikisema mara ya tatu.

Nikasema, "Hakukuambia?"

"Angeniambia mimi, si angekuambia na wewe?"

Akanikazia macho. Anajua. Anajua kwamba ninajua. Tumefungwa kamba moja, na mwisho wa kamba ile yuko mzee.

Nikachukua sampuli zangu nikaondoka. Sikusema neno. Hilo nalo liandikwe.

Ijumaa, 23 Mei

Silali vizuri. Chakula hakina ladha. Mwakio kanipikia mayai, kayaunguza, nimeyala yote.

Kaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nimefukuzwa kazi. Nimesema sijafukuzwa. Akasema, "Then why are you like this, Mama?" Basi mbona niko hivi. Nimekwenda kuosha kikaango.

Jumapili, 25 Mei

Bellevue, kwa Shomari. Nyumba kubwa ya zamani, ukumbi wake umekatwa kwa mbao kuwa vyumba vinne. Waburundi mbele, Wakongo katikati, Shomari na Bi Mwanaidi nyuma kando ya jiko. Nilibeba mfuko wa sukari na majani ya chai, kama mtu anayekwenda matangani.

Bi Mwanaidi alikuwa anapanga vitumbua vya kupeleka sokoni Yeoville. Kanikaribisha vizuri. Hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Kaniwekea mkeka, kaniletea chai ya tangawizi, kaniuliza hali ya mtoto. Kisha akatoka na beseni lake, akatuacha.

Nikasema, "Mzee, nimekuja kuomba radhi."

Akarekebisha mkanda wa saa yake. 

"Mimi nimefanya kazi miaka kumi na tisa," kasema. "Nimewashika farasi walioshinda vikombe. Wakipiga picha, mkufunzi yupo, mwenye farasi yupo na mkewe na kofia, joki aliyempanda yupo. Mimi nashika hatamu, naambiwa nisogee kidogo. Sawa. Sijaona ubaya. Lakini miaka yote hiyo hakuna mtu wa juu aliyewahi kuniuliza mimi: Shomari, farasi huyu unamwonaje?"

"Ndiyo, Mzee."

"Siku ile wakaniuliza. Watu watatu wamevaa tai, wameacha kazi zao, wananiuliza mimi, na mwanamke anaandika. Na mimi nikasema sikuona kitu." Akatabasamu kidogo, na afadhali angelia. "Mimi! Kuhusu Bibi! Nilimjua hata akikohoa. Kazi imekwenda, Mungu atatoa nyingine. Lakini lile neno limeandikwa pale. Kwamba Shomari wa Tanga hakuona kitu."

Nikamwambia nitakwenda kusema kweli.

"Eish, mwanangu. Utapoteza kazi."

"Najua."

"Basi usiende kwa ajili yangu. Ukienda kwa ajili yangu, kesho utanichukia. Nenda kama wewe mwenyewe umeshindwa kukaa nayo."

Chai ilikuwa imepoa. Nikainywa.

Nilipokuwa natafuta viatu vyangu mlangoni kasema, bila kunigeukia, "Ulikiona kile kichwa?"

"Nilikiona."

"Nilijua umekiona. Nilikusikia umevuta pumzi."

Jumanne, 27 Mei

Nimeandika kurasa mbili. Nimesema aliniambia saa ngapi na maneno gani. Nimesema niliona kichwa kikiinuka. Nimesema simu ya tarehe kumi na nne niliipokea vipi na nikamshauri nini. Nimesema niliwadanganya waamuzi. Nimesaini.

Nimempelekea Mwenyekiti mkononi. Kasoma mara mbili. Kavua miwani.

"Daktari, unaelewa ulichoniletea?"

"Ninaelewa."

"Ungesema hivi siku kumi na moja zilizopita, ungekuwa daktari aliyekosea. Madaktari hukosea. Sasa mimi sijui nikuite nini."

Nikasimama, nikafunga begi langu.

Nimesimamishwa kazi kuanzia leo. Nimeacha kifaa cha kusomea shingo, muhuri, na funguo za gari. Nimerudi nyumbani kwa teksi ya abiria, nimebanwa kati ya mama na mkungu wa ndizi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikasinzia.

Alhamisi, 29 Mei

Hospitali tena. Nilitaka Themba asikie kwangu kabla ya kusikia kwa watu.

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akageuza uso ukutani. Mkewe akaweka bakuli chini.

"Nilikuuliza hapa hapa," Themba kasema, bado ameutazama ukuta. "Nilikuwa na dawa nyingi mwilini lakini nakumbuka. Nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Toka."

Madaktari wake wanasema atatembea. Kupanda farasi, hapana.

Nimezunguka mtaani muda mrefu, nimepita roboti, taa za barabarani, zikiwa nyekundu, dereva kanitukana kwa Kizulu. Amenitukana kwa haki.

Ijumaa, 6 Juni

Kikao kimefunguliwa upya. Safari hii wameleta mkalimani, Mkongo wa Lubumbashi, kijana nadhifu. Kiswahili chake na cha Tanga viligongana mara mbili tatu, Shomari akawa anamsahihisha kwa adabu, hadi Mwenyekiti mwenyewe akacheka.

Mimi nilihojiwa kwanza. Robo saa. Hapakuwa na mengi, yote niliyaandika. Bwana Hennie akasema saisi hakumwambia kitu. Kisha wakamwuliza saisi mwingine wa zizi lile, mtu wa Limpopo, naye akasema alisikia. Alikuwa chumba cha pili, akisikia kila neno, hata lile la mikono iliyokufa ganzi.  Ana kazi bado. Amesema hata hivyo.

Kisha Shomari. Koti lile lile la kijivu. Dakika arobaini. Akaeleza jinsi Bibi alivyokuwa akilala, upande upi, na jinsi siku kumi kabla ya mbio alivyoanza kulalia upande mwingine. Jinsi alivyokuwa akiuweka mguu ule mbele kidogo wakati wa kula. Jinsi joto la siku zile za mwisho lilivyokuwa linapanda baada ya mazoezi na kushuka alfajiri. Akawaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, amekunja mkono kama mguu wa farasi, "hapa, vidole viwili chini." Ripoti ya maabara inasema hapo hapo.

Mwenyekiti aliacha kuandika, akawa anasikiliza tu.

Nilikuwa nimekaa nyuma. Nikafikiri: dakika hizi arobaini zilikuwepo tangu asubuhi ile ya tarehe kumi. Zilikuwa zimesimama mbele yangu, zimeshika kamba. Ningeziuliza kwa dakika mbili tu.

Jumatano, 11 Juni

Uamuzi. Bwana Hennie: leseni imesimamishwa miezi sita, na faini. Zizi litaendeshwa na msaidizi wake, farasi wote watabaki. Mimi: siruhusiwi kufanya kazi kwenye uwanja wowote wa mbio nchini kwa miaka mitatu, na jina langu limepelekwa baraza la madaktari wa mifugo. Lile neno la Shomari, "sikuona kitu," limefutwa kwenye kumbukumbu na maelezo mapya yamewekwa. Kadi yake ya usaisi imerudishwa.

Nimempigia simu. Kafurahi. Kasema, "Limefutwa? Kabisa?" Nimesema kabisa.

Akasema amekwishauliza mazizi matano. Wote wamempokea vizuri, wamemsifu, na hakuna mwenye nafasi. Saisi aliyemshtaki bosi. Hakuna atakayelisema, lakini hakuna atakayemchukua.

Mimi nilidhani ukweli ukishasemwa, mambo hurudi mahali pake.

Mume wangu kaja kutoka Durban. Kakaa nami jikoni. Mwishowe kasema angependa ningemwambia mapema. Nikasema hata mimi.

Jumapili, 22 Juni

Shomari na Bi Mwanaidi wameondoka leo, basi la asubuhi kutoka kwenye ofisi moja Joubert Park, karibu na stesheni. Siku nne hadi Dar, kisha Tanga. Kibali kilikuwa kinaisha na hapakuwa na barua ya kazi ya kukiongeza. Bi Mwanaidi amewaachia Waburundi karai na wateja wake.

Nilikwenda na Mwakio. Sijui kwa nini nilimchukua. Nilitaka amwone. Kwenye lami palikuwa na mablanketi, televisheni, magodoro yamekunjwa, watu wa mataifa sita wakigombana na wapakiaji. Mwakio akasema, "Shikamoo," kwa lafudhi ya mtu anayesoma kwenye kopo. Shomari akaitikia marahaba kwa sauti kubwa, akamshika kichwa.

Nikamuuliza atafanya nini Tanga. Kasema huko hakuna farasi. Kaka yake ana ng'ombe wachache Muheza. "Ng'ombe hawana mambo mengi."

Nilikuwa nimetunga maneno. Hakuyangoja. Kasema, "Tumemalizana, Daktari. Mimi nawe tumemalizana." Kisha, baada ya kufikiri: "Bibi ndiye hatukumalizana naye."

Alisema "hatuku". Angeweza kusema "hukumalizana". Nimelifikiria hilo kutwa.

Basi lilichelewa saa mbili. Tulingoja nao hadi likaondoka.

Jumamosi, 5 Julai

Baridi kavu. Moshi wa majani yaliyochomwa.

Kuna kliniki ya bure ya farasi wa mikokoteni kule Soweto, Jumamosi moja kwa wiki mbili. Wanaobeba makaa na vyuma chakavu. Baraza la madaktari halijaamua kuhusu mimi, mpaka hapo bado ninaruhusiwa kutibu. Wanahitaji mikono. Nimekwenda.

Farasi wa nane alikuwa dume mzee, kijivu, mbavu zinahesabika, masikio mazuri. Mwenyewe, Baba Mokoena, anauza makaa. Kasema amekuja kwa ajili ya minyoo tu. Nikampa dawa ya minyoo. Nikapapasa miguu. Wa nyuma wa kulia umevimba juu ya ukwato.

Nikamuuliza mwenyewe anamwonaje.

Akaanza kueleza. Alianza mbali sana, tangu alipomnunua, na barabara ya mawe ambayo farasi huyu haipendi, na jinsi anavyokataa kugeuka upande wa kulia asubuhi, na kwamba mkewe ndiye aliyeligundua tatizo kwanza. Nyuma yake palikuwa na farasi kumi na mmoja wakingoja. Nikaegemea mkokoteni. Kaeleza yote.

Nikasema apumzike wiki tatu. Kasema wiki tatu haiwezekani, ni baridi, watu wanataka makaa sasa. Nikasema najua. Tukasimama hapo wawili, farasi katikati, kila mmoja ameweka mkono mgongoni mwake. Mwishowe kasema labda anaweza kuazima farasi wa shemeji yake siku tatu kwa wiki, na huyu avute nusu mzigo siku zilizobaki. Sio tiba. Nimeandika kwenye kadi: nusu mzigo, arudi baada ya siku kumi na nne.

Nimerudi nyumbani saa kumi. Nimeoga. Mikono inanuka farasi bado.